Kuchagua Bunduki ya Upepo ya Springi Yenye Nguvu kwa Ajili ya Kuwinda

Vijana wa Mombasa wanaokwenda kufanya kazi Afrika Kusini, pamoja na baadhi ya mabaharia wanaorudi likizo, huniuliza swali moja kila tunapokaa barazani baada ya sala ya Isha: ni bunduki ipi ya upepo iliyo na nguvu kuliko zote? Nilifanya kazi katika shamba la mahindi na alizeti huko Afrika Kusini kwa miaka sita, na kwa idhini ya mwenye shamba niliwinda njiwa na kanga kwa bunduki ya aina hiyo, kwa hiyo naona ni haki yao kupata jibu kamili kutoka kwangu. Jibu lenyewe ni kwamba swali limeanzia mahali pasipo pake. Bunduki ya springi inayomfaa mwindaji ni ile yenye nguvu ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzimudu, risasi ikaingia mahali pale pale alipokusudia, leo, kesho na mwezi ujao. Nguvu zinazopita kiasi hicho humjeruhi mnyama bila kumuua, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote yanayoweza kumtokea mwindaji.

Nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kuifikia bunduki hiyo. Ninazungumzia ile inayosukumwa na springi au na silinda ya gesi iliyofungwa ndani yake, ambayo hukokiwa kwa mkono mara moja kwa kila risasi. Zile zinazojazwa hewa kutoka kwenye chupa au pampu ni somo jingine, na mashine zake ni nyingine.

Hatua ya kwanza: fahamu sheria ya mahali utakapowindia

Usinunue chochote kabla ya kulimaliza jambo hili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kukataza kuwinda kwa burudani. Bunduki ya upepo nayo huhesabiwa kuwa silaha, na anayetaka kuimiliki, hata kama ni kwa kulenga shabaha tu, anahitaji cheti kutoka Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Asidhani mtu kwamba ataipitisha bandarini Kilindini ndani ya sanduku la nguo kwa sababu eti haina baruti. Mimi bunduki yangu niliiuza kule kule kabla ya kurudi, na sijutii.

Kuhusu kunguru, ambao huu ni mji wao kama ulivyo wetu, nimeulizwa mara nyingi kama si thawabu kuwapunguza kwa bunduki ya upepo kutoka juu ya dari. Ni kweli kwamba kunguru wa Kihindi ni mgeni mharibifu, anayekula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili, lakini kazi ya kumpunguza iko mikononi mwa mamlaka za wanyamapori, na risasi inayomkosa kunguru juu ya paa la Kibokoni husafiri mamia ya mita ikaangukia uani kwa watu. Jibu ni hapana.

Nchi nyingine zina mipaka yao. Uingereza huruhusu bunduki ya upepo isiyozidi juli 16.27, yaani futi-pauni 12, bila cheti cha silaha (juli na futi-pauni ni vipimo vya nishati ya risasi inapotoka mtutuni). Ikizidi hapo, cheti ni lazima, na huko Skotlandi tangu mwisho wa mwaka 2016 hata iliyo chini ya kiwango hicho huhitaji cheti. Ujerumani mpaka ni juli 7.5. Afrika Kusini hutazama zaidi upana wa mtutu: bunduki ya upepo yenye mtutu wa chini ya milimita 5.6 haihesabiwi kuwa silaha ya moto, na ndiyo maana zile za milimita 5.5 zenye nguvu nyingi hupatikana madukani huko. Hata hivyo, kununua bunduki si kupata ruhusa ya kuwinda. Kuna idhini ya mwenye ardhi, ambayo ni vyema iwe kwa maandishi, na kuna leseni na misimu inayowekwa na kila jimbo. Tanzania uwindaji upo, lakini ni kwa leseni chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu aulize ofisini ni silaha ya aina gani inayokubaliwa kwa mnyama anayemkusudia.

Hatua ya pili: amua utawinda nini, na kutoka umbali gani

Bunduki ya springi, hata iliyo kali kuliko zote, ni ya wanyama wadogo: njiwa, kanga, sungura, panya wa ghalani. Si ya paa, si ya dikidiki, na anayesema vinginevyo anaongea kuhusu wanyama aliowajeruhi na hakuwaona wakifa. Risasi yake haina mlipuko wa nguvu unaopasua nyama kwa upana kama ya bunduki ya baruti. Huua kwa kufika kwenye ubongo au moyo, basi. Kichwa cha sungura kina sehemu ya kuua isiyozidi upana wa sarafu kubwa, kama sentimita 3 hivi, na kichwa cha kanga ni kidogo zaidi na hakitulii.

Kwa sababu hiyo umbali wako haupangwi na bunduki. Hupangwa na duara. Chora duara la sentimita 3 kwenye karatasi, kaa kama utakavyokaa porini, si kwa kuiegemeza bunduki juu ya meza, kisha piga risasi tano. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano zinaingia ndani ya duara hilo ndio mpaka wako wa kuwinda. Wengi wanaoanza hujikuta kwenye mita 20. Baada ya mwaka wa mazoezi ya kweli huenda wakafika mita 35. Watu wanaopiga mita 50 kwa bunduki ya springi na kurudia wapo, lakini ni wachache.

Kwa sisi Waislamu lipo jambo jingine la kupangwa mapema. Aya ya 3 ya Suratul Maida imemtaja miongoni mwa walioharamishwa mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu anayekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya safari, si baada ya kitoweo kufika jikoni. Mimi nilikuwa nikipiga bismillahi kabla ya kufyatua, nikiwa na kisu kikali kiunoni, nikikimbia ili nimkute mnyama angali na uhai, na nisiyemdiriki sikumla. Hili nalo lilinifundisha kuwinda karibu, kwa kuwa mita 25 hukimbiliwa upesi kuliko mita 45.

Hatua ya tatu: elewa kinachotokea ndani ya silinda

Sehemu hii ndiyo wanunuzi huiruka, nayo ndiyo iliyobeba mambo yote mengine, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie.

Unapokoki, unairudisha nyuma pistoni na kuibana springi mpaka inaswe na ndoana ya kifyatulio. Ukifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto, kisha hupenya katika tundu dogo na kuisukuma risasi. Pistoni ni chuma kizito. Inapoanza kwenda mbele, bunduki nzima huruka nyuma. Na pistoni inapokutana na mto wa hewa iliyobanwa mwishoni mwa silinda na kusimama ghafla, bunduki husukumwa mbele. Mambo haya mawili, kwenda nyuma na kwenda mbele, hutokea wakati risasi bado imo ndani ya mtutu au ndiyo kwanza inaianza safari yake. Bunduki ya baruti hupiga teke moja, nalo ni la kurudi nyuma. Bunduki ya springi hupiga mawili, na la pili ndilo linaloharibu shabaha na kuvunja darubini.

Kutokana na hayo utaona kwa nini nguvu nyingi zina gharama. Ili upate nishati zaidi, lazima pistoni iwe nzito zaidi, au iende masafa marefu zaidi, au silinda iwe pana zaidi. Kila mojawapo huongeza mtikisiko. Bunduki ya kilo 3 inayotoa juli 30 hurukaruka mikononi kama samaki, na mpigaji asiye na uzoefu hawezi kuiachia iruke kwa namna ile ile mara mbili mfululizo. Bunduki ya kilo 4 inayotoa nishati hiyo hiyo hutulia zaidi kwa sababu ya uzito wake tu. Na bunduki ya kilo 4 inayotoa juli 20 ni raha kupiga.

Kuna pia zile zilizo na silinda ya gesi badala ya springi ya chuma. Gesi haichoki ukiiacha imekokiwa kwa saa nzima ukimvizia ndege, ilhali springi ya chuma hulegea taratibu ikifanyiwa hivyo kila siku. Haitoi ule mlio wa kutetemeka wa springi, na bunduki huwa nyepesi kidogo. Lakini mshituko wake ni wa ghafla na mkali zaidi, na silinda ikivuja huwezi kuitengeneza nyumbani, huibadilisha yote. Springi ya chuma fundi yeyote mwenye kibano cha kufaa anaweza kuibadilisha. Kwa mtu anayekaa mbali na maduka, mimi ningemshauri achukue springi.

Hatua ya nne: zisome namba zilizo kwenye boksi kwa tahadhari

Boksi huandikwa kasi, kwa kuwa kasi huuza. Utaona futi 1,250 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 381. Kasi hiyo hupatikana kiwandani kwa risasi nyepesi sana za aloi isiyo na madini ya risasi, ambazo hutazitumia kuwindia. Tena ni kasi inayopita ile ya sauti, ambayo katika hewa ya nyuzi 20 ni karibu mita 343 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya upepo imeumbwa na kiuno chembamba na sketi nyuma, na inapovuka mpaka wa sauti hutikisika na kupoteza mwelekeo. Bunduki inayojigamba kwa kasi hiyo itapiga vizuri tu ukiipa risasi nzito zitakazoipunguza mpaka chini ya mita 290 hivi.

Kinachotakiwa ni nishati, na hesabu yake ni nyepesi: uzito wa risasi kwa kilo, mara kasi mara kasi, gawa kwa mbili. Risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 1.03, ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde, huwa na takriban juli 30. Risasi hiyo hiyo ikitoka kwa mita 178 huwa na juli 16 na ushei, yaani kiwango cha Uingereza.

Je, juli 30 zina faida gani juu ya 16, ikiwa zote mbili zinaua njiwa kwa mita 25? Watu hudhani ni kuua zaidi. Faida kubwa ni kunyooka kwa njia ya risasi. Ukirekebisha darubini kwa mita 25, ile ya juli 30 itashuka kama sentimita 5 hivi ikifika mita 40, na ile ya juli 16 itashuka karibu sentimita 10. Kwa hiyo ukikosea kukadiria umbali kwa mita tano, bunduki yenye nguvu hukusamehe kidogo. Msamaha huo una thamani iwapo tu unaweza kuishika. Kama teke lake la pili linakutawanyia risasi kwa sentimita 6, umelipa sentimita 6 ili upate 5.

Kwa wanyama niliowataja, naona eneo la busara ni kati ya juli 18 na 28 pale sheria inaporuhusu. Juu ya hapo nimeona watu wengi wakirudi nyuma.

Hatua ya tano: chagua upana wa mtutu

Ziko nne zinazojulikana: milimita 4.5, 5, 5.5 na 6.35. Ile ya 5 ni nzuri lakini risasi zake ni adimu, kwa hiyo iache. Ya 4.5 huenda kwa njia iliyonyooka zaidi na risasi zake ni za bei nafuu, ila katika bunduki yenye nguvu kasi yake hukaribia ile ya sauti, na kitundu chake ni chembamba, hupita ndani ya ndege bila kuacha nguvu zake zote mwilini. Ya 6.35 huhitaji nguvu nyingi sana ili iende kwa kasi ya maana. Katika bunduki ya springi hujipinda njiani kama jiwe lililorushwa. Iliyobaki, ya 5.5, ndiyo iliyokaa katikati, risasi zake hupatikana kila duka, na ndiyo ninayompendekezea kila anayeuliza.

Hatua ya sita: namna ya kukoki

Bunduki nyingi hukokiwa kwa kuuvunja mtutu, yaani mtutu wenyewe huinamishwa chini kwenye bawaba na kuwa mtaimbo. Ni rahisi, ni nyepesi, na kuweka risasi ni haraka. Aina nyingine ina mtutu usiosogea, na hukokiwa kwa wenzo ulio chini yake au ubavuni. Hii ni nzito na ghali zaidi, lakini mtutu wake hautegemei bawaba kurudi mahali pale pale, na wengi huipenda kwa shabaha ya mbali. Nimezitumia zote mbili, na katika umbali wa kuwinda tofauti ilikuwa ndogo kuliko wanavyosema watu, mradi ile ya kuvunja iwe na bawaba iliyokazwa vizuri.

Jambo la lazima katika zote mbili ni vidole. Ukiukoki mtutu kisha kifyatulio kikaachia kabla hujaufunga, mtutu au wenzo hurudi kwa nguvu inayoweza kukata kidole. Kwa hiyo mkono mmoja ubaki umeushika mtutu au wenzo kwa nguvu mpaka risasi iingie na bunduki ifungwe. Hakuna kizuizi cha usalama kinachoondoa wajibu huu.

Pima pia jasho lako. Bunduki kali huhitaji nguvu ya kilo 15 mpaka 25 kwa kila kukoki. Dukani mtu hukoki mara moja na kutabasamu. Mwombe mwenye duka akuruhusu uikoki mara kumi mfululizo, kila mara kwa utaratibu anaoukubali yeye, kwa maana bunduki ya springi haifyatuliwi bila risasi ndani. Pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga chuma kwa chuma. Mara ya kumi ndiyo itakayokupa habari za kweli. Mikono inayotetemeka haipigi duara la sentimita 3.

Hatua ya saba: ishike kabla ya kulipa

Kifyatulio ni muhimu kuliko juli tano za ziada. Kiwe cha hatua mbili: hatua ya kwanza laini, kisha kisimame dhahiri, kisha kiachie bila kukwaruza. Kile cha Rekord katika bunduki za Weihrauch za Ujerumani kimesifiwa kwa miaka mingi, na sifa hizo ni za haki. Bunduki yao ya HW80, ya kuvunja mtutu na yenye uzito wa karibu kilo 4, ni mfano mzuri wa ninachokisema: nguvu za kutosha, uzito wa kuzituliza, na vipuri vinavyopatikana. Diana 34, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ni nyepesi na nafuu zaidi. Diana 54 ina mtambo unaoteleza juu ya reli ndani ya kitako, hivyo teke huishia ndani ya bunduki badala ya bega la mpigaji, lakini ni nzito mno kubebwa siku nzima. Air Arms TX200 ya Uingereza, ya wenzo wa chini, ni laini kama hariri na imejengwa zaidi kwa viwango vya kwao. Hatsan 125 ya Uturuki hutoa nguvu nyingi kwa bei ndogo, na humtaka mpigaji awe na subira na mazoezi mengi kabla haijamtii.

Nilipoanza mimi nilinunua kwa kusoma boksi. Ilikuwa nyepesi, kali, yenye kitako cha plastiki, na kifyatulio chake kilikuwa kirefu kama kuvuta kamba ya ndoo kisimani. Asubuhi moja nilimpiga kanga kwa mita 40, nikasikia risasi imegonga, naye akaruka akatumbukia katika alizeti. Nilimtafuta mpaka adhuhuri. Kesho yake mwenye shamba alinionyesha alipokuwa amelala, risasi imempata nyuma ya bawa, na kwa hali yake ilionekana alikufa usiku. Niliiuza bunduki ile juma hilo hilo kwa nusu ya bei niliyoinunulia, nikakaa miezi mitatu bila kuwinda, nikiweka akiba ya bunduki nzito na tulivu zaidi, na katika miezi hiyo nilipiga karatasi tu kwa bunduki ya kuazima.

Hatua ya nane: darubini na mahali pa kuifunga

Weka darubini iliyoandikwa waziwazi kwamba inafaa bunduki ya upepo ya springi. Darubini ya bunduki kubwa ya baruti, hata iwe ya gharama, huenda ikafa ndani ya mwezi, kwa sababu lenzi zake zimefungwa kuhimili mshituko wa kurudi nyuma, si ule wa kwenda mbele. Iwe na uwezo wa kurekebishwa kwa umbali mfupi, tangu mita 10. Ukuzaji wa mara 4 mpaka 9 unatosha. Zaidi ya hapo unaona mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Kifungio kiwe cha kipande kimoja chenye pini ya kuzuia, inayoingia katika tundu lililo juu ya silinda. Bila pini, darubini hutembea nyuma milimita kwa milimita, na utadhani macho yako yameharibika. Baadhi ya bunduki za kuvunja mtutu huelekeza mtutu chini kidogo kuliko reli ya darubini, hata skrubu za kurekebisha zikafika mwisho kabla ya shabaha kupatikana. Vipo vifungio vilivyoinamishwa kwa ajili ya tatizo hilo, na ni bora kuliko kutia vipande vya kopo la soda chini ya darubini, kama nilivyoona wengi wakifanya.

Hatua ya tisa: tenga fedha za risasi

Usimalize fedha zote kwenye bunduki. Kila mtutu una risasi unazozipenda, na hakuna anayejua ni zipi mpaka zijaribiwe. Nunua makopo matano au sita ya watengenezaji wanaoaminika, kama JSB ya Jamhuri ya Cheki na H&N ya Ujerumani, za uzito tofauti kati ya gramu 0.9 na 1.2 kwa mtutu wa milimita 5.5, zenye kichwa cha mviringo. Zile zenye ncha kali, au zenye shimo la kupanuka, huvutia macho lakini mara nyingi hupotea njia baada ya mita 25.

Usihukumu chochote kabla ya risasi 500 za kwanza. Mafuta ya kiwandani huungua ndani ya silinda, bunduki hutoa moshi na harufu, na kasi hupanda na kushuka. Ndiyo maana haifai kabisa kupuliza mafuta ya kupikia, ya cherehani au yale ya dawa ya kutu ndani ya tundu la hewa ili kuilainisha. Mafuta hayo hulipuka kwa joto la hewa iliyobanwa, sauti huwa kubwa, mtu akafurahi kwamba nguvu zimeongezeka, kumbe sili ya pistoni, yaani kizibo kinachozuia hewa kuvuja, inaungua na springi inavunjika.

Ikiwa ni ya mkono wa pili

Bunduki nzuri iliyotumika ni bora kuliko mpya duni, ila ikague. Utazame mtutu kwa kuelekea mwangaza, ndani pawe pang'avu na mistari iwe mikali. Uinamishe nusu na kuutikisa kando. Ukicheza, bawaba imelika. Angalia skrubu: zenye vichwa vilivyochubuka zimefunguliwa na mtu asiye na bisibisi ya kufaa. Kisha weka kipande cha karatasi laini ya shashi juu ya maungio ya mtutu na silinda, bunduki ikiwa imefungwa na kuelekezwa mahali salama penye kizuizi, na mwenyewe apige risasi moja. Shashi ikipeperuka, sili ya mtutu inavuja, na hilo ni jambo dogo la kurekebisha. Kasi zikitofautiana kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde kutoka risasi moja hadi nyingine kwenye kifaa cha kupimia, basi sili ya pistoni au springi imechoka, na bei ishuke.

Kwa atakayekuwa Durban, au yeyote mwenye cheti aliye hapa Pwani, hewa ya bahari ni adui. Tunaijua sisi tunaoishi nayo, inavyokula bawaba za madirisha na misumari ya dari. Jasho la kiganja pamoja na chumvi ya kusi hutia kutu chuma cheusi kwa usiku mmoja. Baada ya kila matumizi, ifute nje yote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, bila kuyafikisha kwenye tundu la hewa, na usiihifadhi ndani ya mfuko wenye sponji, kwa sababu sponji hushika unyevu. Iweke kabatini kwenye kufuli, mbali na watoto, haijakokiwa, na risasi zikiwa chini ya kufuli nyingine.

Hatua ya mwisho: ijaribu namna ya kuishika kabla ya kuilaumu

Bunduki ya springi haibanwi begani kwa nguvu. Kitako kiguse bega kwa wepesi, mkono wa mbele uwe wazi kama sinia, bunduki ilale juu ya kiganja bila vidole kuikamata, na iachiwe iruke inavyotaka. Kiganja kikae mahali pale pale kila mara. Ukikisogeza kwa sentimita tano, risasi huhamia kwingine. Usiiegemeze juu ya gogo wala ukuta mgumu, weka mkono wako katikati.

Na kabla ya kubadilisha risasi, darubini au bunduki yenyewe, kaza skrubu za kitako. Niliwahi kumaliza makopo matatu na wiki mbili nikitafuta kwa nini bunduki iliyokuwa ikipiga ndani ya sarafu imeanza kutawanya, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta mnunuzi. Skrubu moja ya mbele ilikuwa imelegea nusu mzunguko kwa mtikisiko. Tangu siku hiyo mpaka nilipoiuza, bisibisi ndogo ilikaa mfukoni mwangu pamoja na kopo la risasi, na skrubu zote nne ziliguswa kabla ya risasi ya kwanza ya asubuhi.